Barua kwa Mwanangu: Nani Atalala Sebuleni?

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaikum. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto huamka na lake kila siku. Vile vijitabu vya nyumba ulivyonitumia vimefika, na nimevisoma vyote pamoja na maandishi madogo ya kurasa za mwisho, ambayo nina hakika wewe uliyaruka. Umeniuliza, kwa kuwa ngazi za nyumba hii zimeanza kunishinda, ni ipi kati ya jumuiya mbili za wastaafu inayolingana na maisha yangu: Sun City ya hapa Arizona, ambako nitabaki karibu na watu ninaowajua, au The Villages ya Florida, ambako nitakuwa mwendo wa saa moja hivi kutoka mlangoni pako Orlando. Swali lako ni zuri na umeliuliza kwa adabu, lakini nimelikalia wiki nzima na kila nikitaka kulijibu najikuta ninajibu jingine.

Vijitabu hivyo vinadhani maisha ya mtu ni michezo yake. Vinataka kujua kama ninacheza gofu, kama ninapenda kuogelea, kama ningependa kujifunza kuchonga mbao au kufinyanga vyungu, na kama nimeshajaribu ule mchezo wa vibao na mpira wa plastiki ambao wazee wa nchi hii wameupenda mpaka wanateguka vifundo kwa ajili yake. Sidharau mambo hayo. Mtu aliyewainua wagonjwa kwa zamu za usiku miaka yote ile ana haki ya kuelea majini saa nne asubuhi bila kuulizwa na mtu. Lakini msimamo wangu unaujua, na marehemu baba yako alikuwa akiumaliza kabla sijafika mwisho wake: mahali pa kuzeekea hapaulizwi pana nini, panaulizwa nani anaruhusiwa kuingia na kulala.

Hapo ndipo maandishi madogo yanapoanza kusema. Sheria ya nchi hii tangu mwaka 1988 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, isipokuwa katika makazi ya wazee. Na sheria ya mwaka 1995 inayataka makazi ya namna hii yahakikishe kwamba angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu aliyefikisha miaka 55. Kila jumuiya huongeza kanuni zake juu ya hapo. Sun City haimruhusu aliye chini ya miaka 19 kuishi humo. Anaweza kutembelea kwa siku 90 tu katika mwaka. The Villages, katika mitaa yake mingi, wageni wa umri huo wana siku 30. Kwa hiyo Salim na Zuhura, wajukuu zangu, wamegeuka kuwa watu wa kuhesabiwa kwenye kalenda, na hesabu yenyewe inatofautiana kwa jumuiya.

Utaniambia kwamba hawa wanao watalala kwako, na kwamba siku 90 ni nyingi kuliko likizo yao. Ni kweli. Mimi siwafikirii hao. Ninamfikiria Shaabani. Unaijua vizuri sebule yetu ya zamani, maana kila ulipoamka usiku kwenda chooni ulimruka mtu. Kabla ya Shaabani alikuwapo mjomba wako Hamza na masanduku yake, na kabla ya Hamza yule binti wa Pangani aliyekuja kusoma akaambiwa siku ya kwanza kwamba chumba chake chuoni kimepewa mwingine. Lakini Shaabani alikuja akiwa na miaka 16, baada ya msiba wa dada yangu, na hakuna aliyekaa kikao kuamua alale wapi. Baba yako alilivuta lile kochi la kukunjua, mimi nikatoa shuka, na wewe ukanuna siku mbili kwa sababu runinga ilikuwa chumba hichohicho. Akakaa mpaka alipomaliza sekondari. Leo ndiye anayenipeleka kwa daktari wa goti. Sasa niambie, laiti tungekuwa tumekwisha kustaafu na kuhamia mahali pa namna hii, tungemwambia nini mtoto yule siku ya tisini na moja?

Usidhani ninatunga vitisho. Jirani kabisa na Sun City upo mji mdogo unaoitwa Youngtown, uliojengwa mwaka 1954 kwa ajili ya wastaafu, miaka kadhaa kabla mjenzi Del Webb hajaifungua Sun City yenyewe tarehe 1 Januari 1960. Youngtown nao ulikuwa na kanuni ya umri, mpaka kikatokea kisa cha kijana aliyekuwa akiishi kwa babu na bibi yake kwa sababu nyumbani kwao hapakukalika. Mji ulitaka aondoke. Mambo yalipofika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, ikaonekana kanuni yenyewe haikuwa na msingi imara wa kisheria, na mwaka 1998 Youngtown ukaacha kuwa mji wa wazee peke yao. Nilipokisikia kisa hicho kwa mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikawafikiria majirani wa babu yule, waliokuwa wamenunua utulivu kwa akiba ya maisha yao yote, na furaha yangu ikapungua, ingawa haikuisha.

Kuna jambo jingine ambalo linanizuia kukujibu upesi, nalo ni lile la bwawa la kuogelea. Sehemu yake unaijua. Jumuiya niliyokuwa nikimtunzia yule bibi wa miaka tisini na kitu si mojawapo ya hizi mbili, na jina lake silitaji kwa sababu watu wake wengi walinitendea wema. Bibi yule alihamia huko angali na nguvu za kucheza gofu kila asubuhi. Nilipomkuta mimi, kigari chake cha gofu kilikuwa kimekufa betri gereji, kimewekewa makopo ya rangi kwenye kiti, na vikombe vyake vya ushindi vimepangwa juu ya kabati la dawa. Jumapili moja, siku yangu ya mapumziko, alinialika kama mgeni wake, akanilipia kadi ya mgeni, nami nikavaa lile vazi langu la kuogelea la kufunika mwili lililokuwa likikuchekesha. Nimekaa ukingoni, miguu majini, akaja bwana mmoja mzee, nadhifu, mwenye sauti ya upole, akaniuliza niko hapo na mgonjwa yupi. Na kabla sijajibu akanieleza kwamba watunzaji huwasubiri wazee wao ndani, kwenye viti vya ukumbini.

Angefoka ningalijua la kumfanya. Alinizungumzia kama mtu anayenisaidia, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo, maana haukuacha nafasi ya kugombana. Bibi yangu, ambaye siku hizo alikuwa hasikii hata kengele ya mlango, hilo alilisikia. Akasema kwa sauti iliyowageuza watu wote wa bwawani kwamba mimi ndiye mwenye siku ya mapumziko na yeye ndiye aliyekuja nami, na kama kuna wa kusubiri ukumbini basi ni yeye. Baba yako nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mbavu, akalirudia kwa wageni kila Idi. Mimi nami nilicheka, na bado nacheka. Ila leo unaniletea picha za bwawa kama lile na kuniuliza kama linanifaa, nami swali langu la kwanza si kina cha maji. Nataka kujua nitakapokaa ukingoni, kwa pesa yangu mwenyewe, itachukua muda gani kabla mtu mpole hajaja.

Hata hivyo nisiwadhulumu. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akiangalia dirisha la jikoni la bibi yule kila asubuhi. Ikifika saa mbili na pazia halijafunguliwa, alipiga simu, na simu isipopokelewa alivuka na ufunguo. Siku aliyoanguka bafuni, aliyemkuta ni jirani huyo. Mimi zamu yangu ilikuwa haijaanza, na mwanawe alikuwa mbali sana. Watu hawa hawakuwa ndugu, hawakuzaliwa mtaa mmoja, walikutana uzeeni kwenye karakana ya kushona, na walifanya lile ambalo sisi tunadai linafanywa na ukoo peke yake. Nimeona wazee wetu wenyewe humu Phoenix, wamezungukwa na wana na wajukuu, ambao pazia lao halitazamwi na mtu mpaka jioni kwa sababu kila mmoja yuko kazini. Kwa hiyo ninaposema nani anaruhusiwa kuingia, sisemi damu tu. Labda nasema ufunguo, ana nani.

Na hapo hali ya hewa inaingia. Wengi wanaonunua nyumba huku jangwani ni watu wa majimbo ya baridi, huja Novemba na kuondoka Aprili. Ukipelekwa kuangalia nyumba mwezi wa Februari utaona viwanja vimejaa, ukumbi wa dansi umejaa, kila mtu anakupungia mkono. Nenda Julai. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi, na mstaafu aliye hai na mchangamfu wakati huo hutoka saa kumi na moja alfajiri, kisha hujifungia. Huko kwenu nako kuna vimbunga na bima ya nyumba inayopanda navyo, pamoja na ada ya kila mwezi na lile deni la barabara na mabomba linalofuatana na nyumba nyingi za The Villages. Hilo ulichunguze sawasawa, maana bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi haina deni hilo ndani yake.

Nisichokiona katika vijitabu vyote viwili ni mtu anayesaidiwa kuvaa soksi. Kazi yangu yote ilikuwa soksi. Jumuiya hizi ni za wastaafu wenye nguvu. Zinakuuzia nyumba na viwanja, hazikuuzii mtunzaji, na siku nguvu zikikuacha unamtafuta na kumlipa mwenyewe, au unahama tena. Watu wengi hudhani Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, itabeba. Medicare hailipi mtu wa kukuogesha na kukulisha kwa miaka. Baada ya kulazwa hospitali itagharimia kituo cha uuguzi mpaka siku 100, na kuanzia siku ya 21 nawe unachangia. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakilia mbele ya karatasi hiyo. Kwa hiyo ukipima nyumba, pima upana wa mlango wa bafu kama kitimwendo kinapita, kisha ndipo uhesabu viwanja vya gofu. Nyumba za Sun City ni za zamani, nyingi za miaka ya 1960 na 1970, lakini kwa sehemu kubwa hazina ghorofa, na hilo goti langu limelisikia.

Najua unaogopa nitasema Tanga. Sisemi. Baba yako angesema, na kile kiwanja bado kipo na shangazi yako bado analipiwa mtu wa kukifyeka. Pensheni yangu ya Social Security ingenifuata mpaka Chumbageni, ila Medicare ingeishia uwanja wa ndege, na mwili wangu wa sasa si wa kusafiri bila bima. Kule hakuna ambaye angeniuliza niko na mgonjwa yupi. Kule pia wale waliokuwa wakinijua kwa jina la utoto wanazidi kupungua, na vijana wangenipokea kama mgeni mwenye dola. Nimeliwaza, nimeliweka chini, na kesho huenda nikaliinua tena.

Basi ipi? Hukumu sitoi, ingawa iko hapa mdomoni. Nikiangalia siku 90 na siku 30, moyo wangu unabaki Arizona. Halafu najikumbusha kwamba ukiwa mwendo wa saa moja, Salim hahitaji siku za kulala. Atakuja Jumamosi, atapanda kigari, atakula wali, atarudi kwao. Kisha najiuliza ikiwa mimi niliyezoea kumruka mtu usiku nitaiweza nyumba isiyo na mtu sebuleni, najijibu kwamba nimechoka na nina haki ya sebule tupu, na jibu hilo linaniudhi. Msikiti nao unanivuta upande, kwa kuwa ule wa Tempe niliouzoea uko ng'ambo ya jiji kutoka Sun City, na usiku siendeshi tena.

Usilipe amana yoyote kwa sasa. Mwambie dalali wako akupeleke The Villages Agosti, mchana, siyo jioni wakati wa muziki wa viwanjani. Shaabani atanipeleka Sun City Julai, saa tisa alasiri, nami nitagonga mlango wa nyumba ya jirani nione kama kuna mtu. Na wewe, kabla hujaangalia bwawa, muulize dalali huyo itakuwaje kijana wa miaka 16 aliyefiwa na mama yake akifika mlangoni na begi, hana pa kwenda. Liandike jibu lake neno kwa neno unitumie. Wasalimie watoto na baba yao.

Mama yako