Mzigo mali kauli kwa msambazaji? Mkuu, usithubutu

Soma hii kabla hujasaini chochote. Unasema umepata leseni ndogo ya kulima bangi Humboldt, kule California, mshauri kakwambia mvuno wote mpe msambazaji mmoja mkubwa atakulipa baada ya siku 60, halafu unauliza mbegu gani nzuri na kama ujenge kitalu nyumba. Kitalu achana nacho kwanza, hizo siku 60 ndo zilizonimaliza mimi.

California mkulima humuuzii mvutaji moja kwa moja, labda uwe na leseni ya duka au ile ya mchanganyiko (kulima na kuuza kwa leseni moja). Mzigo mpaka ufike dukani lazima upite kwa msambazaji, yeye ndo anaita maabara ije ichukue sampuli, yeye ndo anapeleka. Yaani shingo yako iko mkononi mwake na yeye anajua hilo kuliko wewe.

Mimi nilitoa mvuno mzima. Kila mche nilikuwa nimeufunga kile kitambulisho cha plastiki chenye chipu, shina kwa shina, nimeinama mpaka kiuno kimegoma. Siku ya kuchukua, nikaingiza mzigo kwenye Metrc (mfumo wa serikali wa kufuatilia kila gramu), dereva akasaini, kule msambazaji akabonyeza kupokea, na kuanzia hapo mali ikasomeka ni yake. Serikali inajua kila shina langu lilipo, hela yangu ilipo hakuna mfumo unaoifuatilia. Siku zikatimia nikapiga simu, naambiwa bosi yuko kwenye kikao. Hicho kikao nadhani kinaendelea mpaka leo, watakuwa wanagawana mahindi ya kuchoma. Baadae akaniletea lugha ya "soko limeshuka", na kweli 2021 bei zilianguka vibaya, sasa anataka tushushe bei ya mzigo ambao keshauza! Na kodi ya kilimo ilikuwa bado ipo, ilianza 2018 dola 9.25 kwa wakia ya maua ya bangi, yaani dola 148 kwa ratili, bei ipande ishuke kodi palepale. Walikuja kuifuta Julai 2022, mimi nishalia nikamaliza.

Utasema nenda mahakamani. Nilienda kwa wakili, akanielewesha vizuri sana na akanichaji vizuri sana. Bangi kwa sheria ya shirikisho bado haramu na mahakama za ufilisi ni za shirikisho, hazitaki hata kuisikia. Kampuni ikidondoka anawekwa msimamizi, wakopeshaji wenye dhamana wanakula kwanza, wewe mwenye karatasi ya kudai subiri makombo kama yatabaki. 2023 msambazaji mkubwa kabisa wa jimbo alianguka na madeni ya watu, kwahiyo usinambie wako ni mkubwa hawezi kufa.

Na huyo mshauri wako naona kasoma shule moja na wangu. Wangu alikuwa ananiimbia "wakubwa hawaingii mpaka 2023, una muda wa kujijenga". Ni kweli Prop 64 ya 2016 (kura ya wananchi iliyohalalisha bangi California) ilisema leseni za mashamba makubwa zisitolewe kabla ya 2023, ila kanuni za jimbo za Novemba 2017 hazikuweka ukomo wa leseni ndogo ngapi mtu mmoja ashike. Wenye mitaji wakazirundika, leseni ndogo juu ya leseni ndogo, huko Santa Barbara vitalu vya maua vikageuzwa vya bangi, ukijumlisha unapata shamba kubwa lililovaa kaptula. Mshauri alijua yote hayo maana na wao alikuwa anawashauri, hela anachukua kotekote, mshenzi yule. Sasa msambazaji mwenye mzigo wa hao watu mwaka mzima akubembeleze wewe wa nini? Akikosa hela ya kulipa wote, unadhani nani atasubirishwa?

Hela iingie kwanza ndo mzigo utoke. Akikataa mpe kipande kidogo tu cha mvuno, akilipa mpe kingine. Akikupa bei ya chini lakini taslimu, chukua, tena shukuru. Akianza "sisi hatufanyi hivyo" basi mwache akafanye hivyo na mwingine.

Tupia hapa picha ya mkataba, majina funika, nione kipengele cha malipo. Kama kinasema utalipwa "baada ya kuuzwa" na sio "baada ya kupokelewa" usisubiri hata jibu langu, mrudishie leo leo.