Kuhifadhi kinyesi cha tembo kwa kipimo cha homoni, kambi ikiwa haina umeme

Swali: Shikamoo Daktari. Nafanya utafiti wa uzamili kuhusu msongo kwa tembo wanaoingia mashambani karibu na Tungamalenga, pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha. Kambini hatuna umeme. Friza iko Iringa mjini, na gari linakwenda huko mara moja kwa wiki. Wengine wananishauri nitumie deli la barafu, wengine wanasema spiriti ya dukani inatosha. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Acha yote mawili, tafuta ethanoli (alkoholi) ya maabara ya asilimia 95.

Kinyesi kikishadondoka, mambo ndani yake hayajaisha. Ini la tembo huvunjavunja kortisoli, yaani homoni ya msongo, mabaki yake hupitia nyongo hadi utumboni, na hayo mabaki ndiyo tunayopima. Kwa tembo safari hiyo huchukua kama siku moja hadi mbili, kwa hiyo bonge unaloliokota leo linasimulia yaliyompata mnyama jana au juzi, kabla hajaliona gari lako. Tatizo ni bakteria waliotoka nalo tumboni. Wanaendelea kuyameng'enya yale mabaki palepale chini, na kipimo kinaweza kushuka au hata kupanda. Kazi yako ni kuwazuia mapema, na kwa namna ileile kwa kila sampuli. Barafu inawapunguza kasi tu, na ikiyeyuka siku ya pili wanaendelea na kazi. Spiriti ya dukani imechanganywa na vitu vingine na hujui ina maji kiasi gani.

Ukiwa porini, mwone tembo akinya, subiri kundi liondoke, andika saa. Mimi sipitishi saa moja kati ya kudondoka na kuhifadhi. Bonge lililolowa mkojo liache, maana mkojo nao unabeba mabaki ya homoni hiyo. Vaa glavu, pasua bonge katikati: utakuta majani yaliyotafunwa nusu na nyuzi za magome ya miti, bado vuguvugu. Chota kidogokidogo sehemu tano au sita za ndani, kwenye mabonge mawili matatu, kisha finyanga yote ndani ya mfuko hadi yachanganyike vizuri. Homoni haisambai sawasawa, na ukichota sehemu moja tu unabahatisha.

Tia kiasi kidogo kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, mimina ethanoli angalau mara mbili ya ujazo wa kinyesi, tikisa. Usishindilie, kinyesi cha tembo kina maji mengi, na maji hayo yanaizimua ethanoli.

Sasa zingatia hili, maana limeniumiza mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilifungua boksi baada ya safari mbovu nikakuta chupa kadhaa zimevuja na wino wa lebo umefutika. Homoni huyeyukia kwenye ethanoli, hivyo kilichovuja ni sampuli yenyewe. Zile chupa nilizitupa zote. Tangu hapo naandika kwa penseli kwenye karatasi ngumu na kuitumbukiza ndani ya chupa, naandika tena nje, na chupa nazisimamisha wima. Maabara nako waambie wasiimwage ethanoli: waikaushe pamoja na kinyesi, wachekeche nyuzi, ndipo wapime kwa gramu ya unga mkavu.

Ethanoli nayo ina kikomo. Kwenye kinyesi cha nyani imeonekana kwamba viwango hubadilika chupa zikikaa miezi kwenye joto la kawaida. Watafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, hutunza chupa zao kwenye kibanda cha mkaa unaomwagiwa maji ili kipoe, hadi zisafirishwe Nairobi. Fundi wa kijijini kwako anaweza kukujengea kama hicho kwa wavu, mbao na magunia mawili ya mkaa. Kila gari likienda Iringa, chupa ziende nalo, mbali na jua la kioo.

Formalini, dawa nyingine ya kuhifadhia sampuli, waachie wanaotafuta mayai ya minyoo.

Kabla hujaanza rasmi, fanya jaribio siku gari linapoondoka. Gawa mabonge sita mabichi: sehemu moja ya kila bonge iende kwenye friza siku hiyohiyo, nyingine zikae kwenye ethanoli wiki moja, mbili na nne. Ukiona tofauti, utajua ukubwa wake. Na tembo wa mashambani wasihifadhiwe kwa ethanoli huku wa hifadhini wakigandishwa. Tofauti utakayoipata hapo inaweza kuwa ya chupa na friza, wala si ya tembo.