Gramafoni ya Kale: Kagua Kwanza, Bei Baadaye

Muuzaji huanza na umri wa mashine, na umri ndio unaokusaidia kidogo kuliko vyote. Kampuni ya Victor ya Marekani walipoanza mwaka 1906 kuificha honi, ile tarumbeta ya kutolea sauti, ndani ya kabati na kuiita mashine hiyo Victrola, ziliuzwa kwa wingi, na yale makabati marefu yamebaki mengi hadi leo. Ni mazito, yanakula nafasi, na mtu wa kukununulia tena hapatikani haraka. Mashine ndogo ya mezani yenye honi ya nje, ikiwa imekamilika, kwa kawaida huyapita bei. Basi usiulize ina miaka mingapi. Uliza imekamilika kiasi gani.

Kukamilika maana yake hendeli ipo, kichwa cha sauti (kile kinachoshika sindano) ni chake, honi na kiwiko chake vinaingiana bila kulazimishwa, breki inashika, na kibati cha namba hakijabanduliwa. Kwenye fonografu za Edison, zinazopiga silinda badala ya santuri, angalia kichwa cha sauti kwa makini zaidi. Cha aina ya C ni cha silinda za dakika 2, zenye mifereji 100 kwa inchi; cha H ni cha zile za dakika 4 zilizotoka mwaka 1908, zenye mifereji 200. Sindano ya C ni nene mno kwa mfereji wa dakika 4, na gia nazo ni tofauti. Kwa hiyo ukiambiwa "inafanya kazi", swali linalofuata ni: kwa silinda zipi? Na ukionyeshwa silinda za nta, usizishike kwa nje. Ingiza vidole viwili kwenye tundu, uvipanue kidogo, uinue.

Mota, inayoendeshwa na springi, ndiyo inayostahili muda wako mrefu. Zungusha hendeli polepole. Ikizunguka tu bila kukaza, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Ikikaza na sahani ya kuwekea santuri isizunguke, utaambiwa mtu aliijaza ufunguo, yaani aliikaza springi, kupita kiasi. Ugonjwa huo haupo. Springi iliyojaa ni springi iliyojaa tu. Mara nyingi ni grisi iliyogeuka gundi, breki iliyoganda, au kidhibiti mwendo kilichokauka mafuta. Lakini mashine iliyolala miaka mingi usiijaze mpaka mwisho siku ya kukagua. Springi kongwe ikikatika mkononi mwako, mazungumzo ya bei yamekuharibikia.

Kisha pima mwendo. Weka kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, fungua breki, hesabu mizunguko kwa sekunde 30. Santuri za kawaida zinataka 78 kwa dakika, kwa hiyo upate 39. Rudia hesabu santuri ikiwa inapiga, mwanzoni na tena karibu na mwisho. Upande wa santuri ya inchi 10 huchukua kama dakika 3. Ukiujaza ufunguo vizuri na bado sauti inazama kabla haujaisha, springi imechoka au grisi imekauka. Ukisikia kishindo cha "dumu" ndani ya sanduku kila baada ya muda, ni mizingo ya springi iliyoshikana na grisi kavu inaachiana kwa mpigo. Hilo hutibika kwa kusafisha na kutia grisi mpya, ila kazi hiyo apewe fundi anayeijua: springi ikifyatuka kwenye ngoma yake (kopo la chuma inamokaa) hukata vidole.

Kichwa cha sauti kikikoroma, mara nyingi ni raba zilizogeuka ngumu kama mfupa. Kuzibadilisha si gharama kubwa. Kiwambo cha mika, ule utando mwembamba wa madini unaotetemeka na kutoa sauti, kikiwa na ufa ni hesabu nyingine. Na vile vichwa vya Victor vya aina ya Orthophonic vya mwaka 1925 na kuendelea, vingi ni vya aloi ya zinki inayovimba na kupasuka yenyewe. Pitisha ukucha ukingoni utafute nyufa.

Sasa feki, maana hapa ndipo wageni wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Dalili zake zinafanana: honi ya shaba inayong'aa kama sinia jipya, sanduku la mraba au la pembe nane, picha ya mbwa mbele ya honi iliyobandikwa mahali pa kuonekana sana, na ndani mota iliyotolewa kwenye gramafoni ya mkobani. Pindua sanduku. Mbao mpya iliyopakwa rangi ya uzee hujulikana chini, mahali ambapo aliyepaka rangi alichoka. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilienea miaka ya 1930, hivyo kwenye mashine ya 1910 kuna mkono umepita. Vanishi mpya nayo si sifa: sanduku lililopigwa msasa limepoteza nembo zake za asili, na thamani imeondoka pamoja na vumbi la msasa.

Kwenye kupatana, nenda na sindano zako mpya za chuma na santuri moja usiyoionea uchungu. Kagua kimya hadi mwisho, ndipo uorodheshe kasoro moja moja na gharama ya kila moja. Anayeuza mali ya marehemu babu yake usimdharaulie kitu. Mwambie "springi itabidi ibadilishwe", usiseme "hii takataka". Santuri zinazofuatana na mashine zijadili kando. Nyingi hazina bei, hata za mwimbaji maarufu wa opera Enrico Caruso, kwa kuwa zilichapwa kwa wingi. Zile nene za Edison Diamond Disc usizipige kwa sindano ya chuma hata kwa kujaribu: zinaharibika, na zinataka mashine yake, kwa mizunguko 80.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji afungue droo na kupekua stoo. Hendeli na vichwa vya sauti "vilivyopotea" mara nyingi vimo humo humo. Mkikubaliana, acha springi iishe ufunguo wote, vua honi, sahani na kichwa cha sauti, na ufunge kwa kitambaa mkono unaobeba kichwa hicho ndipo uipakie.