Ukitaka kusambaza anti-D, jifunze kwanza kuogopa barafu

Wanaonipigia simu wakitaka kuingia kwenye biashara hii huuliza mtaji na vibali. Friji haiulizwi. Mimi nasambaza hospitalini dawa zinazotengenezwa kwa plazima, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiondolewa chembe zake: albumini (protini ya damu), imunoglobulini (kingamwili), faktori 8 ya wagonjwa wa himofilia, wale ambao damu yao haigandi vizuri, na, kuliko zote, anti-D, sindano wanayochomwa baadhi ya wazazi baada ya kujifungua ili kulinda mimba zijazo. Vibali nitakueleza kwa mstari mmoja: dawa iwe imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na kila mzigo unaoingia nchini uwe na kibali chake. Mtu akikuletea bei ya chini ya mzigo uliosafiri kwenye begi, mwache aende nao.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka sindano 30 za anti-D mkoani kwa basi la alfajiri. Kwa kuogopa joto la Dar es Salaam nikajaza kisanduku vibarafu, zile pakiti za maji yaliyogandishwa, vilivyotoka friza muda huohuo, nikazilaza sindano juu yake bila hata kipande cha kadibodi katikati. Nikajiona mjanja. Mfamasia aliyenipokea, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, hakugusa sindano hata moja. Alichomoa kwanza kile kidude cha kurekodi joto, akavaa miwani, akasoma, kisha akanigeuzia kioo chake: hasi mbili.

"Mwanangu, hizi ziliganda njiani."

Nikainua moja kwenye mwanga. Dawa ilikuwa maji safi kabisa, nikamwambia aone mwenyewe.

"Imeshayeyuka, naiona. Iliyoharibika na nzima zinafanana hivyohivyo. Rudi nazo."

Nikarudi nazo, zikaenda kuteketezwa, na hela ilikuwa ya mkopo. Tangu siku hiyo barafu naiogopa kuliko jua. Dawa hizi nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na zikishuka chini ya sifuri hazirudi tena kuwa dawa. Kwa hiyo vibarafu vyangu hukaa kwanza mezani mpaka nikivitikisa nisikie maji yanacheza ndani. Kisanduku nakipoza mapema, kadibodi inakaa kati ya barafu na dawa, na kidude cha joto nakizika katikati ya maboksi yenyewe. Ukikibandika kwenye mfuniko kitakusomea habari za mfuniko. Albumini ina unafuu kidogo, aina nyingi zinavumilia hadi nyuzi 30, lakini nayo haitaki kuganda. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi kila unapobadilisha kiwanda, hata kama jina la dawa ni lilelile.

Jambo la pili ni saa. Mama mwenye damu ya Rhesus hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa kama O-, akijifungua mtoto mwenye Rhesus chanya, damu ya mtoto inaweza kuingia kwake, na mwili wake ukajifunza kuishambulia. Huyu mtoto mara nyingi hana shida. Anayeumia ni wa mimba inayofuata. Anti-D huzuia hilo, na inatakiwa ichomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Sasa hesabu nami. Nilipigiwa Jumapili saa tisa alasiri. Mama alijifungua Ijumaa saa nne usiku. Zilikuwa zimebaki saa 31, na basi la uhakika lilikuwa la Jumatatu alfajiri. Sindano ilifika saa saba mchana na mama akachomwa, ila mimi sikulala. Baada ya hapo nikaacha kungoja oda. Hospitali za mbali naziachia sindano mbili mali kauli kwenye friji yao. Wakitumia wanalipa, na tarehe ya kuisha muda ikisogea nazichukua mapema nizipeleke penye wazazi wengi. Na namba yangu imebandikwa wodi ya wazazi, kwa sababu ofisi ya manunuzi hufungwa Ijumaa jioni na watoto hawana habari hiyo.

Muuguzi mmoja aliwahi kuinua chupa ya albumini akaniuliza, "Hii ni damu ya nani?" Nikamwambia ya watu maelfu, maana kiwandani plazima ya wachangiaji wengi huchanganywa pamoja. Sehemu kubwa ya plazima ya viwanda duniani hutoka Marekani, ambako mchangiaji hulipwa, na tangu mtu atoe mpaka chupa iwe tayari hupita miezi 7 hadi 12. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipowafungia wachangiaji majumbani, upungufu ulikuja kuonekana baadaye. Hospitali ikikuambia "ongeza mzigo wiki ijayo", waeleze hilo kwa upole, halafu waombe makadirio ya miezi sita.

Kuchanganywa huko ndiko kunakonifanya niandike namba ya toleo ya kila chupa na wodi iliyoipokea. Miaka ya 1970 na 1980 wagonjwa wengi wa himofilia Uingereza, Ufaransa, Marekani na Japani waliambukizwa VVU na homa ya ini kupitia faktori. Siku hizi viwanda huua virusi kwa joto au kemikali, lakini kiwanda kikitangaza kurudisha toleo fulani, nataka nijue kwa dakika kumi liko wapi. Daftari langu la kwanza lilikuwa la shule, la kurasa 96, na lilitosha.

Pesa zitachelewa. Bima huchelewa kuilipa hospitali, hospitali inakuchelewesha wewe, na benki haimchelewi mtu. Usikope kwa marejesho ya siku 60.

Ijumaa saa nane mchana, kabla wafamasia hawajatoka, nawapigia mmoja mmoja. Yule mama wa miwani bado yupo kazini. Hanisalimii siku hizi, anaanza moja kwa moja: "Zipo mbili. Friji inasoma tano."