Kingamwili za ukoma zikija chanya, ndiyo unaumwa?

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa: mdogo wako alitolewa damu kwenye uchunguzi wa wanaoishi na mgonjwa wa ukoma, kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) zikaja chanya, na sasa nyumba nzima hamlali. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka, nikichoma vidole na kukagua ngozi, basi nikujibu.

Chanya hiyo haisemi kwamba anaumwa. Kipimo kinachotumika sana hutafuta kingamwili za aina iitwayo IgM dhidi ya PGL-I, aina ya mafuta iliyo kwenye ganda la bakteria wa ukoma. Zikionekana, mwili umeshakutana naye. Hatari ya kuugua baadaye inapanda, ila wengi wenye chanya hawaugui maisha yao yote.

Kinachochanganya zaidi ni hasi. Mwenye bakteria wengi, vinundu na mabaka mwili mzima, huwa na kingamwili tele. Mwenye baka moja au mawili mara nyingi hana, kwa sababu kinga inayopambana kwake ni ya seli zenyewe, si ya kingamwili. Namkumbuka mama mmoja, karatasi yake hasi, begani ana baka lililopauka. Nikamwomba afumbe macho, nimguse kwa ncha ya pamba, naye aonyeshe kwa kidole nilipogusa. Kwenye ngozi nzima hakukosea. Nilipohamia kwenye baka, nikagusa, nikagusa tena, mkono wake umetulia tu pajani. "Mbona huanzi?" akaniuliza. Alianzishiwa dawa mseto, yaani dawa za kutibu ukoma zinazotumiwa pamoja, karatasi ikabaki kwenye faili.

Sasa kwa nini tunapima? Kwa ajili ya kuijua jamii. Ukoma huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, wakati mwingine 20 na zaidi, kwa hiyo ukihesabu wagonjwa wa leo unahesabu maambukizi ya zamani. Mtoto wa miaka 6 hana zamani hiyo. Watoto wengi wakiwa chanya, ujue bakteria bado anazunguka hapo. Ila mtu asikulinganishie asilimia za maabara mbili bila kuuliza kila moja imekata wapi kati ya chanya na hasi. Nimeona mabishano makali yakizaliwa hapo tu.

Kwa mdogo wako: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 haupendekezi kipimo chochote cha kutafuta maambukizi kwa asiye na dalili, kwa hiyo asianzishiwe dawa mseto kwa sababu ya chanya peke yake. Akaguliwe ngozi yote, hata makalio, na mshipa wa fahamu ulio nyuma ya kiwiko upapaswe kama umenenepa. Akionekana hana ukoma wala kifua kikuu, ulizeni kuhusu dozi moja ya rifampisini ya kinga. Hiyo hupewa wanaoishi na mgonjwa, wawe chanya au hasi. Baada ya hapo akaguliwe kila mwaka kwa miaka kadhaa, na baka lolote lisilo na hisia lisisubiri tarehe.

Na huyo mgonjwa wenu, kama ameshaanza dawa, msimtengee sahani.