"Wanaongea Tu, Dawa Iko Wapi?" Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuacha Bangi

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 24, anaendesha bodaboda hapa Pasua. Anavuta puli nne, yaani misokoto ya bangi, kwa siku, ya kwanza kabla hata ya chai. Nimempeleka kwa mshauri mara mbili. Wanaongea tu, kisha anarudi kijiweni. Nasikia kuna dozi ya methadoni. Mbona yeye hapewi?
Mama, Moshi

JIBU: Njema, mama. Methadoni ni ya wanaotumia heroini na jamii yake. Kwa bangi haina kazi. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu utegemezi wa bangi, kwa hiyo hayo maongezi ndiyo dawa yenyewe. Tatizo ni kwamba amemeza nusu dozi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulifuatilia watu wazima 450 waliotaka kuacha. Ilipofika mwezi wa nne, waliopewa vikao 9 ndani ya wiki 12 walikuwa wameacha kabisa kwa kiasi cha asilimia 23. Waliopata vikao 2, asilimia 9. Waliowekwa kwenye foleni ya kusubiri, asilimia 4. Si muujiza, na mshauri anayekuahidi muujiza mkimbie. Ila wengi wasioacha kabisa hupunguza, na dereva aliyeshuka kutoka puli nne hadi moja ya usiku si dereva yule yule barabarani.

Kuna kazi mbili zinazofanyika humo ndani. Ya kwanza ni kumfanya atake. Mshauri anayejua kazi hahubiri. Atamuuliza: kutoka 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako? Akijibu 4, swali linalofuata ni "kwa nini 4 na si 1?" Hapo kijana anazitaja sababu zake kwa mdomo wake: hela, kifua, mchumba. Ukimuuliza kwa nini si 10, ataanza kuitetea bangi, na kila akiitetea anazidi kuiamini.

Ya pili ni daftari. Kwa wiki moja anaandika kila puli: saa, mahali, alikuwa na nani, alijisikiaje kabla, hamu ilifika ngapi kati ya 0 na 10. Siku ya saba picha inajichora. Mara nyingi puli tatu kati ya nne zina saa na mahali pake palepale, kama vile kijiweni saa nane mchana abiria wakipungua. Hapo ndipo pa kushika: saa hiyo apaki kijiwe kingine, ale, au ashughulikie matengenezo ya pikipiki. Jibu la kukataa linafanyiwa mazoezi kwa sauti mbele ya mshauri, na liwe fupi: "Situmii, bro." Akianza kujieleza, amefungua mjadala, na mjadala wa kijiweni hatoshinda. Hamu nayo afundishwe kuitazama saa: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, aghalabu ndani ya nusu saa, hata asipofanya lolote.

Kinachoharibu? Mzazi kukaa ndani ya kila kikao. Msindikize, kisha subiri nje. Na akianza kusikia sauti wasizosikia wengine, au kuamini anawindwa, usingoje siku ya kikao. Mpeleke siku hiyo hiyo hospitali, Mawenzi au KCMC.

SWALI: Nimeacha siku ya tatu leo. Silali, nalowa jasho, chakula hakipiti, na nimegombana na kila mtu nyumbani. Hii arosto ya bangi, yaani mateso ya kuacha, ipo kweli au najitisha?
Kijana, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Ipo, kaka, na uko kwenye siku zake mbaya. Huanza siku ya kwanza au ya pili, hukaza ndani ya wiki ya kwanza, na mengi huisha kati ya wiki ya pili na ya tatu. Usingizi ndio huchelewa. Jiandae pia kwa ndoto kali: bangi hubana ule usingizi wa ndoto, ukiacha unarudi kwa fujo. Usitafute usingizi kwenye pombe wala vidonge vya kuomba kwa jirani. Chai na kahawa ziishie saa sita mchana, na uamke saa ile ile hata kama hukulala. Kama ulikuwa unachanganya na sigara ukaacha vyote, unapigwa na arosto mbili kwa mpigo. Mwambie mshauri wako ili mpange pamoja.

SWALI: Mdogo wangu anasema ameacha wiki mbili, lakini kipimo cha mkojo bado kinamkamata. Ananidanganya?
Dada, Kijenge

JIBU: Si lazima. Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyevuta mara moja hutoka safi baada ya siku chache, lakini mvutaji wa kila siku anaweza kukamatwa mwezi mzima au zaidi baada ya puli ya mwisho. Kumgombeza kwa kipimo cha wiki ya pili ni kumpa sababu ya kurudi.

Kipimo kinafaa kikiunganishwa na zawadi. Wiki nne za kwanza mzawadie kwa kuhudhuria kikao tu. Baadaye, kila kipimo safi kipate kitu kidogo palepale, kisiwe fedha taslimu: vocha ya simu, mafuta ya pikipiki. Anza na cha 2,000, ongeza 500 kila wiki. Kikichafuka, hapati kitu na hesabu inarudi 2,000, bila hotuba. Wanaokosea huahidi kitu kikubwa mwisho wa mwaka. Mwenye hamu leo haoni Desemba.