Darasa la kuazima

MASWALI YA WASOMAJI
Anajibu Bi. Chaki, mwalimu mstaafu

SWALI: Shikamoo Bi. Chaki. Nimemaliza mafunzo ya ualimu kwa vitendo na nimepata ajira ya kudumu, shule nyingine kabisa. Naanza muhula ujao. Kule mafunzoni nilikuwa na vipindi 8 kwa wiki, na mwalimu mlezi alikuwa anakaa nyuma ya darasa. Wanafunzi walinisikiliza vizuri, na mkufunzi aliyekuja kunikagua alinipa alama za juu. Sasa nimeletewa ratiba: mikondo mitano ya kidato kimoja, vipindi 5 kila mkondo, wanafunzi kama 40 kila chumba. Likizo yote nimeitumia kuandaa masomo ya wiki sita za mwanzo, na bado usiku silali. Hofu yangu kubwa ni darasa kunishinda. Kama nilifaulu mazoezini, mbona sijiamini? Nianzie wapi?
— Mwalimu Mpya

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kwanza lichukue hilo faili la wiki sita uliweke kabatini. Si baya, ila umewaandalia watoto ambao hujawahi kuwaona.

Kuhusu kutojiamini, una haki. Lile darasa lililokusikiliza halikuwa lako, uliazimwa. Kabla hujatia mguu mle, kuna mtu alikuwa ameshahangaika miezi na miezi kuwazoesha wale watoto: madaftari yanagawiwa na nani, anayetaka kutoka anaombaje, mwalimu akisimama kimya maana yake nini. Wewe ulikuta nyumba imefagiwa, ukakaa. Waswahili wana msemo kuhusu nguo ya kuazima na kile isichokisitiri. Umalizie mwenyewe, hili ni jarida la heshima.

Mlezi wangu mimi alikuwa mzee mmoja mkimya, anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha, anasahihisha kazi zake, hata kuniangalia haniangalii. Kelele zikipanda, alikuwa anakohoa. Mara moja tu. Darasa zima linazizima. Miezi miwili mizima nilijua wananinyamazia mimi! Basi siku yangu ya kwanza kazini, kipindi cha tatu, kelele zikaanza kupanda. Nikajikuta nimesimama na chaki mkononi, nasubiri. Nakuapia, nilikuwa nasubiri kikohozi. Kule nyuma palikuwa na ukuta na ramani iliyochanika. Mwishowe nikakohoa mwenyewe. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniuliza kama niletewe maji.

Kwa hiyo usijione wa ajabu. Mwaka 1984 mtafiti Mholanzi, Simon Veenman, alizipitia tafiti 83 za nchi mbalimbali kuhusu yanayowasumbua walimu wapya. Lililoongoza kwa kutajwa lilikuwa hilo hilo lako, nidhamu ya darasa. Na kabla yake, mwaka 1970, Mmarekani Jacob Kounin alikuwa ameeleza jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Alitafuta ni aina gani ya kukemea inayotofautisha mwalimu anayeliweza darasa na asiyeliweza, akaikosa. Tofauti aliikuta kwenye yale mwalimu anayoyafanya kabla kosa halijatokea. Kwa hiyo usihangaike kujifunza kufoka. Sauti yenyewe unaihitaji, vipindi 25 ni vingi.

Wiki mbili za kwanza kazi yako kubwa ni taratibu, na somo lifuate nyuma yake. Najua chuoni hamkuambiwa hivi. Chagua taratibu chache, tatu au nne, zile zinazojirudia kila kipindi: kuingia, kuuliza, kukusanya kazi, kutoka. Kila moja ifanyieni mazoezi kama mnavyofanya mazoezi ya wimbo.

Nikupe mfano wa kukusanya madaftari, maana ndipo nilipoungulia. Mwanzoni nilikuwa napita mwenyewe dawati kwa dawati. Mtoto anatafuta daftari, analifuta vumbi, ananieleza habari zake. Hesabu sekunde 10 kwa kila mmoja: watoto 40, dakika karibu 7 zimekwenda, na wale 39 ambao sijasimama mbele yao wanafanya wanalotaka. Kisha nikiwa mezani natafuta kila daftari kazi ya leo iko ukurasa gani. Nikabadilisha. Kila mtoto anafungua daftari kwenye kazi ya leo, wa nyuma anaweka lake juu ya la mbele yake, hivyo hivyo mpaka dawati la kwanza, bila kufunika. Kiranja wa safu ananiletea rundo likiwa wazi. Mara ya kwanza lilikuwa vurugu tupu, madaftari mawili yalidondoka na mmoja akalia. Tukarudia palepale. Kesho yake tukarudia tena. Siku ya nne niligeuka kufuta ubao, nilipogeukia darasa marundo yako mezani. Furaha niliyoipata siku ile sikuipata hata siku ya cheti.

Tukiwa bado kwenye madaftari: unao wanafunzi kama 200. Ukiwapa wote zoezi moja na kila daftari ukalisahihisha kwa dakika 3, hizo ni dakika 600. Saa kumi, kwa zoezi moja! Mafunzoni ulikuwa unaandika maoni marefu kwa kalamu nyekundu, na mkufunzi akayasifu. Ukiendelea hivyo hutafika katikati ya muhula. Weka zamu, mkondo mmoja kwa siku. Siku nyingine soma madaftari kumi tu, uone kosa linalojirudia, kesho anza nalo ubaoni. Hiyo si kutegea. Mtoto anayerekebishiwa kosa kesho asubuhi anafaidika kuliko yule anayerudishiwa daftari jekundu baada ya wiki mbili.

Ratiba yako nayo ina upande mwema ambao kwa hofu hukuuona. Mikondo mitano ya kidato kimoja maana yake maandalio yako mapya ni matano kwa wiki, si 25. Kila somo utalifundisha mara tano. Mkondo wa kwanza ndio watakaokuonyesha lilipovuja, wa tatu watalipata likiwa limenyooka, na wa tano utakuwa umechoka na vichekesho vyako mwenyewe. Omba tu ratiba isiwafanye wale wale kuwa wa kwanza kila siku. Ikishindikana, vumilia, ila ujue wao ndio wanaolipa.

Kipindi cha kwanza kabisa, wape maswali kadhaa mepesi ya waliyosoma mwaka uliopita, bila alama. Majibu ndiyo yatakayokuonyesha ukurasa gani wa faili lako la kabatini unafaa na upi wa kutupa. Mengi utayatupa. Mimi niliingia na somo nililoliandaa siku tatu, lenye michoro ya rangi, nikakuta nusu ya darasa hawajui neno lililokuwa kwenye kichwa cha somo.

Watakuuliza, hilo halina shaka: «Mwalimu, wewe ni wa mazoezi?» Watoto huwa wanapima. Wa mazoezi wanamjua, ana tarehe ya kuondoka, kwa hiyo hata wakikorofishana naye hasara ni ndogo. Usiwadanganye kwamba una uzoefu, na usianze kujieleza. Mjibu, «Hapana, mimi ni mwalimu wenu mwaka mzima,» halafu endelea na kugawa vitabu.

Mengine ni yale ambayo mlezi alikuwa anayabeba bila wewe kuyaona: kujaza daftari la mahudhurio, kumpigia mzazi, zamu, kuwasilisha alama kabla ya tarehe fulani. Mafunzoni hakuna aliyekukabidhi funguo. Siku ya kwanza muulize karani wa shule na mtunza stoo, wao watakwambia mambo yanakwendaje hasa. Na katika ofisi ya walimu mtafute mmoja wa kumuuliza maswali ya kijinga. Asiwe yule anayeongea kuliko wote, wala yule atakayekwambia «utazoea» kila unapofungua mdomo. Tembea kwenye korido wakati wa vipindi, sikiliza ni darasa gani lina kelele za kazi na si za fujo, kisha umwombe mwenye darasa hilo akuruhusu kukaa nyuma kipindi kimoja. Safari hii usimwangalie mwalimu anavyofundisha. Angalia dakika tano za mwanzo, na mikono yake.

Usiku ulale.

SWALI: Bi. Chaki, mimi shule niliyofanyia mafunzo ndiyo imenipa ajira. Wengine wananiambia nikatae nikaanze upya kusikojulikana. Unasemaje?
— Niko Njia Panda

JIBU: Kubali. Unajua stoo iko wapi, unawajua wazazi wakorofi, na mlezi wako yuko mlango wa pili. Wengi wangelipa ili wapate hivyo.

Lakini omba usipewe darasa lile lile ulilofanyia mazoezi. Wale walishakuona ukitetemeka mbele ya mkufunzi, na kwao mwenye darasa ni yule mwingine. Chukua walio wageni kwako. Mwambie mlezi wako, kwa adabu, kwamba ushauri wake bado unautaka ila autoe mkiwa ofisini, asije akaingia katikati ya kipindi kukusaidia. Walimu wenzako wataendelea kukuita «mwanafunzi wetu» kwa muda. Wengine kwa upendo, mmoja wawili kwa makusudi. Nyamaza, fika mapema, wasilisha alama kabla yao.

Na kile kiti cha pembeni karibu na mlango, ulichokuwa unakalia wakati wa mafunzo, siku ya kwanza usikikalie. Muulize karani meza yako ni ipi.